Kula Samaki na Chipsi Katika Baa ya London



Kila mwaka wako wachache miongoni mwetu wanaovuka bahari kwenda Uingereza, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi. Hapa shuleni tunasoma vitabu vya Waingereza na kuandika insha katika lugha yao, lakini hatufundishwi namna ya kupata chakula cha jioni katika mji wao. Jambo hili laonekana dogo. Kwangu mimi si dogo, maana mgeni asiyejua desturi aweza kudhani kuwa anadharauliwa wakati hakuna anayemdharau. Na tena aweza kudharauliwa kweli, asijue. Katika makala hii nataka kueleza chakula kimoja, yaani samaki na chipsi, na mahali pamoja, yaani baa yenye watu wengi katika mji wa London, ili tujifunze kupambanua mambo hayo mawili. Niliyoandika nimeyapata vitabuni na katika barua za ndugu mmoja aliyesoma hapa, ambaye sasa anafanya kazi London.

1. Nyumba yenyewe

Baa ya Kiingereza huitwa pabu, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya “nyumba ya watu wote.” Katika Uingereza ziko zaidi ya 40,000. Wazazi wetu wakisikia neno baa huogopa, nao wana sababu. Lakini pabu si mahali pa walevi tu. Watu huingia kula, kuzungumza, kusoma gazeti, au kujikinga na mvua. Tangu mwaka 2007, sheria ilipokataza kuvuta sigara ndani ya nyumba hizi katika nchi ya England, pabu nyingi zimetilia mkazo chakula kuliko zamani.

Asiyekunywa pombe hashurutishwi kunywa. Aweza kuagiza maji, soda au maji ya matunda, na hakuna atakayemcheka. Tena sheria ni kali: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua pombe, na mwuzaji akimwona mtu ana sura ya ujana aweza kumdai hati ya kuonyesha umri wake. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 kama mimi akiulizwa pasipoti, asikasirike. Vijana wa Kiingereza nao huulizwa vivyo hivyo.

2. Desturi ya kaunta

Sasa tufike penye shida. Mtu akiingia katika hoteli ya chakula Kampala au Jinja, huketi kwanza. Mhudumu humjia, humletea maji ya kunawa, humweleza kilichopo jikoni, kisha humletea chakula. Malipo huja mwisho. Katika pabu nyingi za London mambo yamegeuzwa. Mgeni huenda mwenyewe kaunta, huagiza hapo, hulipa hapo, kisha ndipo huketi. Asiyekwenda kaunta hapati kitu.

Ndugu yetu alitueleza jioni yake ya kwanza. Aliingia katika baa moja karibu na kituo cha treni, siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Watu walikuwa wamejaa hata nje, wamesimama kando ya barabara na bilauri zao mkononi. Akaona meza ndogo pembeni, akaketi, akangoja. Wahudumu walipita karibu naye wakikusanya bilauri tupu, wasimwulize neno. Dakika arobaini zikapita. Akatazama huku na huku, akaona kuwa mle ndani mtu mweusi alikuwa yeye peke yake. Akasema moyoni, “Kumbe ndivyo walivyo.” Akainuka, akaenda zake na njaa, wala hakurudi katika baa yo yote kwa miezi miwili.

Siku moja alimsimulia mambo hayo mzee mmoja wa kazini kwake, mtu ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Mzee akamwuliza, “Ulikwenda kaunta?” Akajibu, “La, niliketi.” Mzee akacheka, akasema, “Kijana, ungeketi pale hata asubuhi. Mimi nimezaliwa hapa, na nisipokwenda kaunta nalala njaa vile vile.”

Wazee wetu husema, mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona, lakini yeye mwenyewe haoni njia. Na shida hii si ya Waafrika peke yao. Bibi Kate Fox, mtaalamu Mwingereza wa mila za watu, aliandika kitabu mwaka 1996 kuwafundisha watalii adabu za pabu, na mmoja wa watu aliowaeleza ni huyo huyo mgeni aketiye mezani akingoja mhudumu asiyekuja. Wageni kutoka Ulaya na Marekani wamenaswa na mtego huu sawasawa na ndugu yetu.

Basi utaratibu ni huu. Kwanza, tafuta meza, utazame namba iliyoandikwa juu yake, uikumbuke. Kama mko wawili, mmoja abaki kulinda kiti. Kama meza ina kiti kitupu lakini ina watu, uliza kwanza, “Samahani, kiti hiki kina mtu?” Ukiona koti juu ya kiti, kina mwenyewe.

Pili, nenda kaunta. Hapo utaona ajabu. Waingereza, ambao hupanga mstari kila mahali, hawapangi mstari kaunta, husimama wametawanyika. Usidanganyike ukadhani hakuna utaratibu. Mstari upo vichwani mwao. Kila mmoja anajua nani alimtangulia, na mwuzaji mwema anajua pia. Simama, mtazame mwuzaji usoni, shika pesa au kadi yako ionekane, ungoje. Usipige kelele, usipige vidole, usipunge noti hewani. Afanyaye hivyo huhesabiwa kuwa mtu asiye na adabu, na huenda akachelewa kuliko wote. Mwuzaji akikuita kabla ya aliyekutangulia, sema, “Huyu alikuwa kabla yangu.” Neno hilo dogo litakuletea heshima kuliko suti mpya.

Tatu, taja chakula, kinywaji na namba ya meza, ulipe. Tia “tafadhali” mwanzoni na “asante” mwishoni, na kati yake ukitia nyingine haidhuru. Siku hizi baadhi ya pabu hazipokei noti, ila kadi tu. Na nyingine huruhusu mtu kuagiza kwa simu akiwa amekaa mezani. Basi tazama kama kuna tangazo. Kwa anayeagiza kaunta, bakshishi si lazima.

Nne, angalia saa. Jiko mara nyingi hufungwa mapema kuliko kaunta, pengine saa tatu usiku. Aliyechelewa atapata kinywaji, lakini samaki hatampata.

3. Sahani mezani

Chakula chenyewe huletwa na mhudumu. Mtu aliyezoea kula ngege mzima kando ya ziwa pale Ggaba, mwenye kichwa, macho na mkia, atauliza, “Kichwa kiko wapi?” Hakipo. Huu ni mnofu mtupu ulioondolewa miiba, nao umefunikwa kabisa na ganda la unga lenye rangi ya dhahabu.

Samaki atumiwaye zaidi huitwa kodi. Msishtuke, si ile kodi inayodaiwa na serikali. Ni samaki wa bahari za baridi, mwenye nyama nyeupe inayoachana vipande vipande. Huko Yorkshire na katika Scotland watu wengi humpenda zaidi ndugu yake aitwaye hadoki.

Upishi wake wafaa kuelezwa, maana una elimu ndani yake. Mpishi huchanganya unga wa ngano na maji baridi au bia mpaka upate kuwa kama uji mzito. Humchovya samaki humo, kisha humtia katika mafuta yenye moto wa nyuzi 180 hivi. Uji ule huganda mara moja ukawa ganda gumu. Ndani ya ganda, maji yaliyomo katika samaki hugeuka mvuke na kumwivisha. Kwa hiyo samaki hakaangwi hasa, bali hupikwa kwa mvuke wake mwenyewe. Mapovu ya hewa yaliyomo katika bia hulifanya ganda liwe jepesi. Wasiogusa pombe kabisa na waulize kwanza kaunta kama unga umechanganywa na bia; si aibu kuuliza.

Chipsi za huko ni nene kuliko zile za vibandani kwetu. Wapishi wengi huzikaanga mara mbili: mara ya kwanza kwa moto wa kadiri ili ziive ndani, mara ya pili kwa moto mkali ili zikauke nje. Tena ujue kwamba Mwamerika akisema chipsi anakusudia vile vipande vyembamba vikavu vya pakiti, ambavyo Waingereza huviita krispi. Ukichanganya maneno haya utaletewa pakiti badala ya sahani.

Pembeni mwa sahani utakuta njegere, mara nyingine nzima, mara nyingine zimepondwa kama uji. Kipande cha limau. Na kibakuli cha sosi nyeupe yenye matango ya siki yaliyokatwakatwa. Juu ya chipsi hutiwa chumvi na siki nyeusi ya shayiri. Mtu wa kwetu akionja siki hiyo mara ya kwanza hukunja uso, lakini asiiache upesi, maana huondoa uzito wa mafuta. Katika pabu watu hutumia kisu na uma. Ukishika chipsi kwa vidole hutafukuzwa, ila samaki ukimshika kwa mikono watakutazama. Bei katika London siku hizi ni kama pauni 15 hadi 20, nayo ni ghali kuliko katika maduka ya kawaida ya samaki na chipsi, ambako mtu hununua na kwenda kula njiani.

4. Chakula hiki ni cha nani?

Mwulize Mwingereza chakula cha taifa lake. Wengi watakutajia hiki. Lakini tukikichunguza kipande kwa kipande, twaona kuwa kilikusanywa kutoka mbali.

Viazi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wahispania ndio waliovileta Ulaya katika karne ya 16. Kukaanga samaki katika unga kulikuwa desturi ya Wayahudi wa Hispania na Ureno. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492 walitawanyika, na baada ya mwaka 1656 baadhi yao walikaa London waziwazi. Walikaanga samaki siku ya Ijumaa wakamla baridi siku ya Sabato, kwa sababu sheria yao hairuhusu kuwasha moto siku hiyo. Wakristo nao walikuwa na desturi ya kuacha nyama siku ya Ijumaa na kula samaki, na hata leo pabu nyingi huuza samaki zaidi siku hiyo. Katika kitabu chake Oliver Twist, kilichoanza kutolewa mwaka 1837, Charles Dickens anataja duka la samaki wa kukaanga. Kwa hiyo samaki alikuwa amekwisha kuwa chakula cha maskini wa London.

Ni nani aliyemwoza samaki kwa chipsi? Watu wa London humtaja Joseph Malin, Myahudi mhamiaji aliyefungua duka mashariki ya mji karibu na mwaka 1860. Watu wa kaskazini hukataa. Humtaja John Lees wa Mossley, karibu na mwaka 1863. Ugomvi huo haujaisha. Lililo hakika ni kwamba reli ndizo zilizokieneza chakula hiki, kwa kuchukua samaki upesi kutoka bandari kama Grimsby na Hull hata miji ya viwanda, ambako wafanyakazi walihitaji chakula cha moto kisicho ghali. Katika miaka ya 1920 maduka yalifika karibu 35,000. Katika Vita Kuu ya Pili serikali iligawa nyama, sukari na siagi kwa kipimo, lakini samaki na chipsi hawakuwekewa kipimo.

Na samaki mwenyewe je? Meli za Uingereza zilizoea kumvua karibu na Iceland. Watu wa Iceland walipoona bahari yao inamalizwa walisogeza mpaka wao wa uvuvi, maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, na maili 200 mwaka 1975. Meli za nchi hizo mbili zikagongana baharini. Mwaka 1976 Uingereza ilikubali kushindwa, na tangu hapo sehemu kubwa ya kodi anayeliwa huko hununuliwa kutoka nchi za nje, hasa Iceland na Norway. Hata wakaangaji wa maduka siku hizi wengi ni watu wa asili ya China, Kupro, Italia au Uturuki.

Simaanishi kwamba Waingereza wameiba chakula hiki. Wamekilea, wamekipenda, na sasa ni chao. Ninalotaka kusema ni kwamba mgeni aketiye mbele ya sahani hii asijione kuwa yeye peke yake ndiye aliyetoka mbali. Karibu kila kitu kilichomo kilitoka mbali vile vile.

5. Desturi na dharau

Hata hivyo nchi iliyopokea chakula cha wageni haikuwapokea wageni wenyewe sikuzote. Yule mzee wa kazini hakumaliza kwa kicheko. Alimwambia ndugu yetu kwamba baba yake, alipofika kutoka Jamaika, alikwenda kaunta kama ipasavyo, akasimama, pesa mkononi, akaambiwa, “Hatuuzii watu wa rangi yako.” Hiyo haikuwa desturi. Ilikuwa dharau.

Mambo ya namna hiyo yalikuwa mengi katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1964, katika mji wa Bristol, kijana aitwaye Paul Stephenson aliingia katika baa moja, akaambiwa aondoke. Akakataa kuondoka mpaka auziwe. Polisi wakamkamata, akapelekwa mahakamani, na mashtaka yakatupwa. Habari zake zikaenea nchi nzima. Mwaka uliofuata, 1965, Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza kumbagua mtu kwa rangi au asili yake mahali pa watu wote, na pabu zilikuwamo. Leo jambo hilo limo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Basi, mtu atayatambuaje? Kwa maoni yangu kuna maswali matatu. La kwanza: je, nimefanya wanayofanya wenyeji? Kama sikwenda kaunta, bado sina ushahidi. La pili: je, wenzangu wanatendewa vipi? Kama kila mtu anangoja dakika kumi, basi dakika zangu kumi ni za haki. Lakini nikiwa nimesimama mahali panapofaa, na watu waliokuja nyuma yangu wanauziwa mmoja baada ya mmoja, nina haki ya kuuliza. La tatu: nikiuliza kwa upole, “Samahani, nadhani ilikuwa zamu yangu,” najibiwaje? Mwuzaji aliyesahau ataomba radhi na kukuuzia. Mwenye dharau atajidhihirisha kwa maneno yake mwenyewe, na hapo mgeni ajue kuwa sheria iko upande wake.

Ndugu yetu alikosa chakula usiku mmoja, na hilo ni jambo la kupita. Hasara kubwa ilikuwa ile miezi miwili aliyokaa chumbani peke yake akiamini kuwa mji mzima unamkataa. Tena naona hatari ya upande wa pili: mtu akizoea kuita kila kuchelewa ubaguzi, siku ubaguzi wenyewe utakapokuja hatasadikiwa, na pengine yeye mwenyewe atakuwa amechoka kuupinga. Ndiyo sababu nasema kujua desturi ni silaha ya mgeni. Humwondolea hofu isiyo na sababu, na humpa nguvu ya kusimama penye sababu.

Baada ya kuelezwa, ndugu yetu alirudi katika baa ile ile, Ijumaa, saa ile ile. Alikwenda kaunta, akangoja zamu yake, akataja meza namba 14. Ameandika kwamba samaki alikuwa mzuri, ila bado anamtaka ngege mwenye kichwa.

Nawaomba ndugu zetu mlio katika miji mingine, iwe Nairobi, Brussels au Toronto, mtuandikie desturi za huko kwa faida ya watakaowafuata.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mgeni katika pabu hukaa muda mrefu bila kuhudumiwa, na afanye nini?
2. Eleza kwa nini samaki aliyefunikwa kwa unga hupikwa kwa mvuke.
3. Taja vitu viwili katika sahani ya samaki na chipsi ambavyo asili yake si Uingereza, na ueleze vilikotoka.
4. Ni sheria gani iliyopitishwa mwaka 1965, na ilihusu nini?
5. Mgeni kutoka Uingereza akija kula katika hoteli za kwetu, ni desturi gani tatu zitakazomshangaza? Andika barua fupi ya kumweleza.